Kung'oa au kuongeza viti kwenye gari: mwongozo kamili kwa mwenye gari wa Malindi

Safu ya nyuma ya viti vya Toyota Noah ya jirani yangu wa Muyeye imekaa barazani kwake huu mwezi wa tatu. Watoto huikalia wakila embe, na jioni wazee huigombea kwa sababu ni laini kuliko mkeka. Aliing'oa apate nafasi ya makasha ya samaki na barafu, kutoka pwani hadi mahoteli ya Watamu. Hakuna aliyemuuliza kitu mpaka siku alipokwenda kuhuisha bima. Wakala akatoka nje, akalitazama gari, akanusa, kisha akauliza: "Bwana, hili la abiria au la samaki?"

Swali hilo ndilo mwongozo mzima. Kiti cha gari huhesabiwa mahali patatu: sakafuni mwa gari, kwenye logibuku, na kwenye karatasi ya bima. Hesabu tatu zikilingana, husumbuki. Moja ikienda kombo, unaweza kukaa mwaka mzima bila kuulizwa, halafu siku ya ajali ukaulizwa yote kwa pamoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la gari ni logibuku.

Haya ninayoandika ni ya Kenya. Ndugu zetu wa kisiwani Lamu, ambako punda ndiye matatu, watanisamehe. Lakini wenye magari Mokowe, Hindi na Mpeketoni wasome, sheria ni ile ile.

Kwanza, soma logibuku kabla ya kushika spana

Wengi wetu tunaijua logibuku kwa mambo mawili: jina la mwenye gari na namba ya chesisi. Shuka chini zaidi. Utakuta aina ya bodi, idadi ya abiria, uzito wa gari likiwa tupu, uzito wa mzigo linaoruhusiwa kubeba, na daraja la kodi. Viti vinagusa karibu yote hayo. Ukitoa safu ya viti, idadi ya abiria si ile tena na uzito wa gari tupu umeshuka. Ukiongeza safu, kinyume chake. Na ukigeuza gari la abiria kuwa la mzigo, hata aina ya bodi imebadilika.

Tazama pia kama jina lako liko peke yake. Gari lililonunuliwa kwa mkopo huandikwa majina mawili, lako na la benki au sacco iliyokukopesha. Hapo gari si lako pekee kulikata. Omba ruhusa yao kwa maandishi, maana bila wao hata ombi la kubadilisha maelezo halitakwenda mbali.

Kisha hesabu viti vilivyomo. Usicheke. Magari mengi ya mitumba yamepitia mikono, na si ajabu logibuku kusema abiria saba na ndani mna viti vinane. Mimi mwenyewe niliwahi kununua van ambayo nyuma ya dereva palikuwa na benchi la ziada limeshonwa vizuri kwa ngozi ile ile ya viti vingine. Aliyeniuzia alinihakikishia kuwa "imetoka Japani hivyo hivyo." Siku ya ukaguzi mkaguzi aliingiza mkono chini ya benchi, akautoa, akaniambia: "Mzee, hizi bolti ni za kitanda." Nilirudi Malindi na karatasi ya kufeli, na ng'o, pesa zangu sikuziona tena. Ndiyo maana nasema hesabu, na hesabu kabla ya kulipa.

Unataka kufanya nini hasa?

Watu husema "kubadilisha viti" kwa maana sita tofauti, na kila moja ina uzito wake.

Kuna kukunja kiti, au kutoa kiti ambacho kiwanda chenyewe kimekitengeneza kitolewe kwa mkono bila spana. Umekwenda kuchukua godoro Barani, umekunja safu ya nyuma, umerudi, umeikunjua. Hapo hujabadilisha gari, umelitumia. Sijapata kumwona askari wa trafiki mwenye akili timamu akimkamata mtu kwa hilo, mradi mzigo umefungwa na haumzibi dereva macho.

Kuna kutoa viti kwa siku moja au mbili kwa dharura. Tunajua sote jinsi inavyokuwa kukiwa na msiba: mtu wa familia ana van, viti vinatolewa, jeneza linaingia, waombolezaji wawili watatu wanachuchumaa ubavuni. Sitaki kumhubiria mtu siku ya msiba. Nitasema hili tu: anayechuchumaa sakafuni hana kiti wala mkanda, na hatari ya barabara ya Mombasa haijui kama mnakwenda harusini au makaburini. Jeneza liende na van, watu waende na gari jingine.

Kuna kung'oa moja kwa moja, kama jirani yangu. Kuna kurudisha kiti cha asili kilichong'olewa na mwenye gari wa zamani, na hili ndilo jepesi kuliko yote kwa sababu matundu ya bolti na sehemu za mikanda bado zipo. Kuna kuongeza kiti ambacho kiwanda hakikukipangia mahali. Na kuna kubwa lao, kugeuza van ya mzigo kuwa ya abiria.

Hayo matatu, yaani kung'oa kabisa, kuongeza na kugeuza, ndiyo yanayohitaji karatasi.

Sheria inakugusa wapi

Sheria mama ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Inamtaka mwenye gari aijulishe mamlaka ya usajili kila panapotokea jambo linalofanya maelezo ya gari kwenye daftari yasiwe kweli tena. Mamlaka hiyo siku hizi ni NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kwa hivyo kubadilisha viti kwenyewe si kosa. Kosa ni kubadilisha ukanyamaza, au kubadilisha kwa namna inayoliacha gari bovu.

Hilo la ubovu liko kifungu cha 55: gari lisiende barabarani kama lenyewe, au sehemu yake yoyote, liko katika hali ya kuhatarisha watu. Kifungu cha 56 kinahusu mizigo na uzito. Adhabu yake inaandikwa kifungu cha 58, na si ya kuchezea: faini isiyozidi shilingi 400,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Kiti kilichochomelewa juu ya bati lililooza kinaingia humo bila kusukumwa.

Kwa matatu, wenye umri wangu wanakumbuka Februari 2004. Kanuni za waziri John Michuki, zilizotangazwa mwaka 2003, zilipoanza kufanya kazi, Nissan zilizokuwa zikibeba abiria 18 ziliteremshwa hadi 14, kila kiti kikatakiwa kiwe na mkanda, na kasi ikafungwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Wiki ile mafundi wa viti walifanya kazi usiku na mchana kung'oa. Miaka ikapita, na kile kibao cha katikati kikarudi kimyakimya kwa jina la sambaza. Sambaza si kiti. Haina mgongo, haina mkanda, haimo kwenye logibuku, na anayeikalia analipa nauli ile ile.

Bodi za magari ya abiria zinazoundwa hapa nchini zina kiwango chake cha Shirika la Viwango la Kenya, KS 372. Kinahusu uimara wa bodi, viti na nafasi zake, milango na njia za kutokea. Fundi anayekuambia hajawahi kukisikia, mshukuru, umwachie kazi ya kushona vitambaa.

Kwa nini kiti hakiwekwi tu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapokufa.

Chukua mtu wa kilo 70, gari liko kasi ya kilomita 50 kwa saa, nalo ligonge ukuta. Tuseme pua ya gari inabonyea nusu mita kabla halijasimama. Ukipiga hesabu, mwili wa mtu yule unavuta mkanda kwa nguvu ya takriban tani 1.4. Hiyo ni kasi ya mjini, karibu na soko. Kwenye barabara ya kwenda Garsen watu hawaendi 50.

Nguvu hiyo lazima iishie mahali. Kiwandani, inatoka kwenye mkanda, inaingia kwenye bolti, inapita kwenye kipande cha chuma kizito kilichofichwa chini ya kapeti, inasambaa kwenye mifupa ya gari. Fundi wa mtaani akitoboa sakafu na kupitisha bolti yenye washa ndogo, kile kipete cha chuma chini ya nati, nguvu yote inaishia kwenye bati jembamba. Bati linachanika kama karatasi ya maandazi, na kiti kinaruka pamoja na aliyekalia. Na kikiruka kinamfuata wa mbele.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine: chumvi. Hewa ya bahari peke yake inatosha kula bati. Ukiongeza maji ya barafu ya samaki yanayochuruzika chini ya kapeti, baada ya misimu miwili mitatu matundu ya bolti yamekuwa malegevu kama meno ya mzee. Ndiyo maana gari lililobeba samaki halirudishiwi viti hivi hivi. Kapeti litolewe lote, sakafu ioshwe kwa maji baridi, ikaushwe, igongwe kwa nyundo ndogo kila mahali. Sauti ya bati zima ni kavu. Sauti ya bati lililooza utaijua, na wakati mwingine nyundo yenyewe itapita.

Halafu kuna uzito. Toyota Probox nyingi za mzigo zitokazo Japani zimeandikiwa kilo 400 zikiwa na watu wawili, na kilo 250 zikiwa na watu watano. Soma tena: kila mtu anayeingia anakula sehemu ya mzigo. Sasa mtu anaweka benchi kwenye buti, anapakia watoto wanne, na juu ya kerieri magunia mawili ya nazi. Hata kama benchi lingefungwa na malaika, springi na breki hazikupangiwa hayo. Kwa Probox shauri langu ni fupi: usiongeze kiti. Nyuma ya ile buti hakuna kitu cha kumkinga mtoto gari likigongwa kutoka nyuma.

Van ya mzigo kugeuzwa matatu

Toyota Hiace nyingi zinazoshuka bandarini Mombasa zilizaliwa za mzigo, zina safu moja au mbili za viti na nyuma ni tupu. Kuzigeuza za abiria 14 ni kazi halali na ya miaka mingi, ina mafundi wake wanaojulikana. Lakini ni kazi ya bodi nzima. Sakafu inaimarishwa kwa reli za chuma zinazoshikana na fremu, madirisha yanakatwa, njia ya kutokea kwa dharura inaachwa, kila kiti kinawekewa mkanda, na nafasi ya magoti inapimwa kabla ya kuchomelea.

Piga hesabu ya uzito hapa pia. Watu 14 wa kilo 70 ni kilo 980, bado mizigo yao, bado viti vyenyewe na chuma kilichoongezwa. Kama logibuku inaruhusu mzigo wa tani moja, umeshaufikia kabla ya mtu kupandisha ndoo ya embe. Kwa hivyo anayekuambia atakutilia safu ya tano "ili urudishe pesa haraka" anakupa hasara ya springi, matairi na kesi.

Ukitaka gari hilo liende kazini, kubadilisha logibuku ni mwanzo tu. Matatu lazima iwe chini ya sacco au kampuni, iwe na leseni ya barabara, ipite ukaguzi kila mwaka, na ilipe ile kodi ya mapema ya KRA. Kodi hiyo kwa magari ya abiria huhesabiwa kwa viti, na kwa ya mzigo huhesabiwa kwa tani. Unaona sasa kwa nini serikali inajali viti vyako.

Hatua zenyewe, kwa mpangilio

*1. Uliza bima kabla ya yote.* Wengi huenda bima mwisho. Nakushauri uanze nako kwa sababu moja: jibu la bima linaweza kukufanya uache mpango wote, na kuacha mapema ni bure. Andika barua fupi au baruapepe, useme gari lina viti vingapi, unataka viwe vingapi, na kazi ya gari itakuwa ipi. Omba jibu la maandishi. Maneno ya wakala kwenye simu, "haina shida ndugu yangu," hayatakusaidia mahakamani.

Jua jinsi mambo yanavyokwenda. Bima ya lazima ya mtu wa tatu iko chini ya Sura ya 405. Sheria hiyo inamlinda aliyeumia, si wewe. Kampuni inaweza kulazimika kumlipa majeruhi hata kama ulibeba watu kupita idadi, kisha ikakugeukia wewe irudishiwe pesa zake. Na fidia ya mtu mmoja inaweza kufika shilingi milioni 3. Uza Noah, uza shamba, bado utadaiwa. Kama bima yako ni ile kubwa ya kulipia na gari lenyewe, mabadiliko uliyoyaficha yanawapa sababu safi ya kukataa kulitengeneza.

*2. Uliza NTSA kabla ya kukata.* Huduma zao sasa ziko ndani ya eCitizen. Ingia kwa akaunti ya mwenye gari, si ya binamu wala ya fundi, fungua sehemu ya NTSA, tafuta gari lako na ombi la kubadilisha maelezo ya gari. Soma wanachokitaka upakie, na ada iliyoandikwa pale. Kama mtandao unakuchanganya, nenda ofisini kwao au Huduma Centre, uulize uso kwa uso. Gari likiwa bado la jina la aliyekuuzia, acha kila kitu, kamilisha kwanza uhamisho wa umiliki.

*3. Chagua fundi kwa karatasi, halafu kwa mikono.* Kwa kurudisha viti vya asili, fundi mzuri wa gereji anatosha. Kwa kuongeza au kugeuza, tafuta mwunda bodi anayetambulika, mwenye leseni na mhuri. Mwambie akuandikie: kazi gani, vifaa gani, viti vingapi kabla na baada, namba ya chesisi, tarehe, sahihi. Akikataa kuandika, amekwisha kukujibu.

Kuna maswali matatu ya kumpima fundi. Mkanda utafungwa wapi? Jibu zuri linataja fremu au nguzo ya gari, au kiti kilichoundwa kubeba mkanda chenyewe. Chini ya sakafu kutakuwa na nini? Jibu zuri ni sahani nene ya chuma au reli, si washa. Na bolti utazitoa wapi? Kichwani mwa bolti ngumu huchongwa namba kama 8.8 au 10.9. Isiyo na namba ni ya kitanda, kama zile zangu.

*4. Piga picha.* Kabla ya kazi, sakafu ikiwa wazi, chini ya gari, na baada ya kumaliza. Kapeti likisharudi hakuna atakayeona uzuri wala ubaya wa kazi. Picha ndiyo shahidi wako kwa mkaguzi, kwa bima na kwa mnunuzi wa baadaye.

*5. Peleka gari likaguliwe.* Unaweka miadi kwenye mfumo ule ule na kuchagua kituo. Kwetu pwani wengi hupelekwa Miritini, Mombasa. Nenda mapema, gari likiwa safi, na viti visifunikwe na yale mavazi ya kitambaa yenye vishada. Mkaguzi anataka kuona. Atatikisa kila kiti kwa nguvu, atavuta kila mkanda kwa ghafula aone kama unashika, atapapasa kingo za chuma, ataangalia kama mlango wa dharura unafunguka na kama kiti hakijaziba njia. Usimpe maneno mengi. Mpe barua ya fundi.

*6. Subiri logibuku mpya, uisome.* Makosa ya uchapaji hutokea. Hakikisha idadi ya abiria ndiyo iliyomo ndani ya gari. Kisha peleka nakala kwa bima watoe cheti kipya, na kama ni gari la biashara, kwa sacco na kwenye leseni. Kuanzia kazi inapoanza hadi karatasi zikamilike, gari lisibebe abiria kwenye kiti kipya. Najua linauma, kila siku ni hela. Lakini kipindi hicho ndicho hesabu zako tatu hazilingani.

Ukiamua kung'oa kwa mkono wako

Kwa gari la nyumbani, kutoa safu ya nyuma ni kazi ya asubuhi moja. Viti vya mbele usiviguse ovyo. Chini yake huwa na waya wenye soketi ya manjano: hiyo ni njia ya mifuko ya hewa na ya kifaa kinachokaza mkanda kwa baruti ndogo. Toa kwanza waya wa hasi wa betri, subiri dakika kadhaa chaji iishe, ndipo uchomoe soketi. Usiwashe switchi ya gari soketi ikiwa wazi, la sivyo taa ya mifuko ya hewa itawaka na haitazimika mpaka upate mtu mwenye mashine ya kuifuta.

Bolti za pwani huwa zimegandamana. Zipulizie mafuta ya kulainisha kutu usiku wa kuamkia kazi. Ukiilazimisha ikakatikia ndani, umejitengenezea kazi ya siku tatu. Zilizotoka zitie kwenye mfuko pamoja na nati zake, uandike mfuko ule. Mikanda iliyobaki ning'iniza vizuri, usiikate. Kuna watu huikata wafungie kuku. Matundu yazibe kwa raba na mafuta mazito ili maji na vumbi visiingie. Na viti weka ndani, pakavu, juu ya mbao. Panya wa Malindi hawana heshima kwa sponji.

Magari ya watalii, ya shule, na tuktuk

Van za watalii zinazopita Sala Gate kwenda Tsavo Mashariki zina kishawishi cha pekee. Wageni wanne wanataka nafasi ya kamera, kwa hivyo dereva anatoa safu moja. Kesho wamekuja wanane, anairudisha usiku kwa tochi, bolti mbili kati ya nne. Kama ndiyo kazi yako, funga viti vya reli vilivyoundwa kuteleza na kutolewa, andikisha idadi ya juu kabisa gari linayoweza kubeba, na chini ya hapo uko huru. Kwa maoni yangu gharama yake inarudi ndani ya msimu mmoja wa Waitaliano.

Ya shule sitayaongezea mengi. Gari la shule ni la rangi ya manjano, na mtoto ni abiria mzima. Mabenchi ya kutazamana yaliyopachikwa ubavuni, watoto magoti kwa magoti bila mikanda, hayana utetezi. Mzazi akiyaona ana haki ya kumwuliza mwalimu mkuu aone karatasi ya ukaguzi.

Tuktuk ni abiria watatu nyuma. Ile mbao ya kando ya dereva, unayoikalia nusu tako huku mguu mmoja unapunga hewa ya barabara ya Lamu, haina logibuku duniani itakayoipokea.

Ukisimamishwa njiani

Toa leseni, cheti cha bima na nakala ya ukaguzi bila kubishana. Kama mabadiliko yako ni halali na karatasi mpya haijatoka, onyesha risiti ya ombi kwenye simu na barua ya fundi. Askari anayetaka kuandika kosa mwulize kwa upole ni kifungu gani, uandike namba yake ya kazi, uende ukajieleze mahakamani. Usiutoe mkono wenye noti. Leo utapita, lakini sambaza yako itakuwa bado iko pale, na kesho kizuizi kiko pale pale.

Jirani yangu amefanya hesabu. Kuligeuza gari liwe la mzigo, na bima ya biashara juu yake, kungemgharimu kuliko faida ya samaki wa mwaka huu, kwa hivyo safu inarudi ndani Jumamosi na makasha yatapanda pikapu ya shemeji yake. Jana tuliinua kapeti pamoja. Sakafu ya upande wa kushoto ni nzima, ya kulia nyundo imepita, hiyo lazima itengenezwe kwanza, na kati ya bolti nne za safu watoto wameacha mbili. Za kununua ni zenye 10.9 kichwani, unene na meno sawa na zile mbili zilizobaki. Nimemwambia abebe moja mfukoni akienda dukani, asiende kwa kukisia.